Msimfunge Mkono: Mazoezi Tiba Baada ya Matibabu ya Saratani

Hotuba hii ilitolewa Mwanga, Kigoma mjini, mbele ya watu waliomaliza au wanaoendelea na matibabu ya saratani pamoja na ndugu wanaowauguza. Tunaiweka yote kwa ajili ya ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Shikamooni wazee wetu. Akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliowasindikiza wagonjwa wenu, karibuni sana. Kuna waliotoka Kasulu alfajiri, na kuna waliokuja kwa boti kutoka vijiji vya ziwani. Poleni na safari.

Nianze na swali. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali inayotibu saratani, Ocean Road ya Dar es Salaam au Bugando ya Mwanza, ameshapasuliwa, mionzi imekwisha, dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, zimekwisha, jambo la kwanza anaambiwa nini nyumbani? Anaambiwa apumzike. Jirani anamwambia apumzike. Mkwe anamwambia apumzike. Shemeji anamnyang'anya ufagio mkononi. Wote wanampenda, na wote wanamharibia.

Si kwamba kupumzika ni kosa. Aliyetoka chumba cha upasuaji jana anahitaji kulala. Lakini kuna kupumzika siku mbili na kuna kupumzika miezi sita, na huku kwa miezi sita ndiko kunakoacha bega limekakamaa, mapaja yamekonda, mdomo haufunguki. Saratani imetibiwa, mtu amebaki na ulemavu ambao ungezuilika nyumbani, bila dawa na bila shilingi.

Tuanze na bega, maana hapo ndipo tunapokosea zaidi.

Chukueni mfano wa mama wa kijijini Kasulu. Ametolewa titi, na daktari ametoa na tezi za kwapani. Akirudi nyumbani ndugu wanamfunga mkono kwa kanga, kanga inaning'inia shingoni, "usije ukafumua nyuzi." Wiki sita mkono uko kifuani. Halafu anasafiri kwenda kupigwa mionzi. Analala kwenye kitanda cha mashine, anaambiwa: mama, inua mkono, uweke juu ya kichwa. Hauinuki. Unafika usawa wa bega unagoma. Na mkono usipokwenda juu, unakaa kwenye njia ya mionzi, hivyo kifua hakiwezi kupangiwa mionzi ipasavyo. Anaambiwa akafanye mazoezi kwanza, arudi baadaye. Kutoka hapa Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na kilichomchelewesha si saratani. Ni kanga.

Kwa nini bega linagoma? Kidonda kinapopona kinaacha kovu, na kovu lina tabia ya kujivuta na kufupika. Likijivuta kwenye ngozi ya kifua na kwapa huku mkono haujainuliwa, misuli ya kifuani nayo inafupika pamoja nalo. Mionzi ikija juu ya hapo inaongeza ugumu, na ugumu wa mionzi hauishi siku mashine inapozimwa. Unaendelea kujijenga kwa miezi, hata miaka. Ndiyo maana aliyepigwa mionzi kifuani akiniuliza mazoezi ya bega yanaisha lini, jibu langu huwa halimfurahishi.

Basi nini kifanyike? Kesho yake baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa bado kitandani: kunja ngumi na kufungua, mara 10. Kunja kiwiko na kunyoosha, mara 10. Zungusha mabega taratibu kwenda nyuma, kisha kwenda mbele. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Anawe uso kwa mkono huohuo, ale kwa mkono huohuo. Lakini mrija wa kutolea maji ukiwa bado uko mwilini, kiwiko kisipande juu ya usawa wa bega. Ukiharakisha kuinua mkono, maji yanazidi kujikusanya chini ya kidonda na mrija unachelewa kutolewa.

Mrija ukitoka, na daktari akaridhika na kidonda, unakwenda ukutani. Simama uukabili ukuta, weka vidole, vipandishe hatua kwa hatua mpaka unapohisi kuvutwa. Hapo tulia. Pumua, hesabu hadi 20, shuka taratibu. Mara 5 hadi 10. Weka alama ya mkaa pale vidole vilipofika, kesho utafute kuipita hata kwa upana wa ukucha. Ukimaliza, geuka ukuta uwe ubavuni mwako, fanya vilevile. Na usiku, lala chali, shika mpini wa jembe kwa mikono miwili (mpini peke yake, jembe liacheni nje), mkono mzima uusukume mkono mgonjwa kwenda juu na nyuma ya kichwa.

Maumivu je? Kuvutwa ni sawa, kuvutwa ndiyo kazi yenyewe. Maumivu makali ya kuchoma, au yanayoendelea baada ya kuacha zoezi, maana yake umezidisha. Kesho punguza. Sikusema uache. Nimesema punguza.

Kuna wengine ambao wiki chache baada ya upasuaji wanaona kamba nyembamba zimejitokeza kwapani chini ya ngozi, zimekaza, nyingine zinashuka hadi kiwikoni au kiganjani. Wanashtuka, wanadhani ugonjwa umerudi. Kamba hizo zinatokana na mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, iliyoguswa na upasuaji. Zinanyooshwa kwa mazoezi hayahaya, na mara nyingi hulegea ndani ya wiki au miezi michache. Mwonyesheni mtaalamu, ila msifunge mkono kwa ajili yake.

Sasa tuje kwenye uvimbe. Nani hapa ameambiwa baada ya upasuaji asibebe kitu maisha yake yote? Inueni mikono. Mnaona wenyewe.

Mwili una mishipa hiyo myembamba ya limfu inayokusanya maji kutoka kwenye nyama na kuyarudisha kwenye damu, na tezi za kwapani na kinena ni vituo vyake. Tezi zikitolewa au zikipigwa mionzi, maji yanakwama nyuma yake kama mtaro ulioziba. Kwa aliyetibiwa titi yanakwama mkononi. Kwa aliyetibiwa shingo ya kizazi yanakwama mguuni. Yanaweza kuanza baada ya miezi, yanaweza kuanza baada ya miaka, na mwanzoni hayaonekani kwa macho. Pete inabana. Mkono wa blauzi upande mmoja unabana. Mkono unahisi mzito jioni.

Kwa hiyo msingoje macho. Tumieni futi ya fundi cherehani. Pima mzingo wa mkono kwenye kifundo, kisha kila baada ya sentimita 10 kupanda juu, mikono yote miwili, mara moja kwa mwezi, saa ileile ya siku. Andika kwenye daftari. Bora zaidi ni kupima kabla ya upasuaji, kwa sababu mkono unaoutumia zaidi unaweza kuwa mnene kidogo tangu zamani. Tofauti ya sentimita 2 ambayo haikuwepo mwanzo ni sababu ya kwenda hospitali wiki hiyohiyo. Uvimbe laini, ambao ukiubonyeza kidole kinaacha shimo, unapungua. Ukiachwa mpaka ngozi ikawa ngumu, kazi inakuwa kubwa mara nyingi zaidi.

Na kubeba vitu? Mwaka 2009 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti wa wanawake 141 waliotibiwa saratani ya titi na ambao tayari walikuwa na uvimbe wa mkono. Kundi moja lilifundishwa kunyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, likianza na uzito mdogo sana na kupanda polepole. Jingine liliendelea na maisha ya kawaida. Mikono ya walionyanyua haikuvimba kuliko ya wenzao. Zaidi ya hapo, uvimbe ulilipuka, yaani ulizidi ghafla, kwa asilimia 14 ya walionyanyua, na kwa asilimia 29 ya wale ambao hawakunyanyua. Nasema tena: mkono uliozoeshwa kazi ulilipuka mara chache zaidi kuliko mkono uliohifadhiwa.

Lakini sikilizeni vizuri, wale wanawake walisimamiwa, walivaa soksi za mkono za kubana wakati wa mazoezi, na hawakuruka hatua. Hapa kwetu wapi panaharibika? Panaharibika pale mama aliyekaa miezi minne bila kushika kitu anapoona maji yamekwisha ndani, anachukua ndoo ya lita 20, anaijaza, anajitwisha. Hiyo ni kilo 20. Mkono uliolala miezi minne hauanzi na kilo 20. Unaanza na chupa ya maji ya nusu lita: ishike, kunja kiwiko, nyoosha, mara 10, pumzika, mara 10 nyingine. Fanya siku mbili au tatu kwa wiki. Wiki mbili zikipita bila uzito wala uvimbe asubuhi inayofuata, nenda chupa ya lita moja. Halafu lita moja na nusu. Mpaka ufike dumu la lita 5 inaweza kuchukua miezi, na hiyo ni sawa kabisa. Ukiona mkono umeamka mzito, rudi hatua moja nyuma, usirudi kitandani. Jembe nalo hivyohivyo: anza na dakika 10 za asubuhi kabla jua halijawa kali.

Ngozi ya mkono huo ni ya kulindwa. Bakteria wakiingia kwenye maji yaliyokwama wanapata makazi. Kukaanga dagaa kwa mawese ya moto, funga kitambaa kinene hadi kiwikoni. Kuni zenye miiba, apasue mwingine. Paka mafuta ngozi isipasuke. Na hapa nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda: kuna wanaochanjwa chale kwenye mkono uliovimba ili "maji yatoke". Hayatoki. Kinachotokea ni kwamba milango imefunguliwa. Wapo pia wanaokandwa kwa maji ya moto na kusuguliwa kwa nguvu. Joto huvuta damu zaidi kwenye mkono na uvimbe unaongezeka. Kukanda kwa limfu kupo, ila ni kwa mguso mwepesi unaosogeza ngozi tu, na huanzia sehemu isiyoziba. Mtafute mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, akufundishe. Vilevile bandeji: zinabana zaidi kiganjani na kulegea kadiri zinavyopanda, si kinyume chake. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, fungua mara moja.

Mkono ukiwa moto, unauma, umekuwa mwekundu au umebadilika rangi, na una homa, hakuna zoezi, hakuna bandeji, hakuna kukanda. Zahanati siku hiyohiyo. Unahitaji dawa za kuua bakteria, na kusubiri kesho ni hatari.

Tumevuta pumzi? Twende kwenye uchovu.

Uchovu wa saratani hauishi kwa usingizi. Mtu analala kwa muda wa saa 10, anaamka kachoka vilevile. Mfikirieni mzee wa Kibirizi aliyezoea kupakia magunia ya dagaa. Siku moja anaamka ana nguvu kidogo, anasema leo nafidia. Anafagia uwanja, anatengeneza nyavu, anapanda Mwanga kwa miguu. Siku tatu zinazofuata hatoki kitandani, na familia inasema, mnaona? Tulimwambia apumzike! Siku ya nne ana nguvu tena, anafidia tena. Mzunguko huo unaweza kwenda mwaka mzima, na kila mzunguko misuli inapungua.

Dawa yake ni kufanya kidogo kwa kipimo kilekile, siku nzuri na siku mbaya. Dakika 5 za kutembea asubuhi, dakika 5 jioni, njia tambarare. Kutoka stesheni kupanda Mwanga si njia ya wiki ya kwanza! Kila wiki ongeza dakika mbili au tatu. Mwendo ni ule unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Mapendekezo ya wataalamu wa nchi mbalimbali yaliyotolewa mwaka 2019 yanalenga dakika 30 za mwendo wa wastani mara tatu kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, kwa wiki 12 hivi, ndipo mtu ategemee kuona uchovu umepungua. Ya nguvu msiyatafutie vyombo: kaa kwenye kiti imara, nyanyuka bila kushika, kaa taratibu, mara 8 hadi 10. Asiyeweza, aweke mto juu ya kiti ili kiinuke kidogo, aanzie hapo.

Na lini usifanye? Ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati wa kemo, hiyo ni dharura, nenda hospitali usiku uleule. Wingi wa damu (Hb) ukipimwa ukawa chini ya 8, fanya mepesi tu mpaka daktari aseme. Mguu mmoja ukivimba ghafla na msuli wa nyuma ya mguu chini ya goti unauma, usiukande: huenda ni damu iliyoganda. Maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea au mkojo kugoma, usimpe mtu mazoezi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Na mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa asinyanyue wala kujipinda bila mpango wa mtaalamu, kwa sababu mfupa unaweza kuvunjika.

Ganzi nitaipitia haraka, ila msiidharau. Dawa za kemo kama paclitaxel, vincristine na cisplatin zinaumiza mishipa ya fahamu, kuanzia ncha za vidole. Ganzi ya cisplatin inaweza kuendelea kuongezeka miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, hivyo asiwepo wa kumwambia mtu anajifanya. Mama anapika, kaa linadondoka, analikanyaga, hajui. Analiona asubuhi kwa kidonda. Basi vaeni viatu vilivyofunika vidole, hata ndani. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Kila usiku tazama nyayo, kwa kioo au kwa macho ya mtoto. Maji ya kuoga ayapime mtu mwingine. Ili mwili usiyumbe, simama karibu na ukuta: miguu pamoja sekunde 30, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine, kisha mguu mmoja sekunde 10, kila siku.

Wenye watoto wanaopewa vincristine: mwambie mtoto atembee kwa visigino kama mchezo. Akishindwa kuinua vidole, mwambie daktari kabla ya dripu inayofuata, si baada yake.

Waliopigwa mionzi kichwani na shingoni, jipimeni mdomo sasa hivi. Vidole vitatu vilivyosimama vinaingia kati ya meno ya juu na ya chini? Mdomo unaofunguka chini ya milimita 35 umeshakakamaa. Zoezi lake ni vijiti vya ulimi, vile vya mbao vya hospitali: panga vinavyoingia bila shida, ongeza kimoja, kaa navyo sekunde 30. Mara 5, na hivyo mara 5 kwa siku. Afadhali kuanza kabla mionzi haijaanza, maana kufungua mdomo uliokwisha kukakamaa ni kazi ya miezi na hauachii wote.

Wazee wangu, naomba radhi kwa ninalolisema sasa, lakini nisipolisema mimi, nani atawaambia? Mionzi ya shingo ya kizazi inakausha njia ya uzazi na kuifanya ijivute, ifupike, kuta zishikane. Mwanamke anamaliza matibabu, hakuambiwa kitu au aliona haya kuuliza. Anarudi kliniki baada ya mwaka, mpimaji hawezi kupima, haoni kama ugonjwa umerudi au la. Na nyumbani mume anadhani amekataliwa.

Kinachotakiwa ni kifaa laini cha plastiki cha kuingiza kwenye njia hiyo ili kuta zisishikane, chenye umbo la kidole kinene, kinachokuja kwa ukubwa tofauti. Ulizeni hospitali mlikotibiwa kabla hamjaondoka. Kikikosekana, kidole safi kinafanya kazi hiyo. Unaanza kama wiki nne baada ya mionzi kwisha, maumivu yakiwa yametulia. Tumia kilainishi cha maji, si mafuta ya mgando. Dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa wiki, na hili ni la miaka, si la mwezi. Damu kidogo ya madoa inaweza kutokea. Damu nyingi, rudi hospitali. Akina baba, hili si la mke peke yake. Mwacheni aanze bila haraka, na msimkasirikie kwa ukavu ambao mashine ndiyo iliyouleta.

Jambo la safari. Kwenye treni, simama utembee kwenye korido kila saa. Kwenye basi ambako huwezi, inua visigino, inua vidole, mara 20 kila nusu saa, na mkono uliovimba uuegemeze juu ya begi, usiuache ukining'inia. Kabla ya kuondoka hospitali ya huko, omba mazoezi yaandikwe kwenye karatasi ya ruhusa, maana karatasi nyingi zina tarehe ya kliniki tu. Ukifika, ipeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, hapa ni Maweni, wa Tabora ni Kitete, uulize fiziotherapia.

Pale mlangoni kuna meza yenye futi mbili na daftari. Kila aliyefanyiwa upasuaji wa titi asitoke kabla hajapimwa mikono yote miwili na kuandikiwa namba zake, aondoke nazo. Wenye shida ya miguu watapimwa chumba cha pili. Nyinyi wasindikizaji msiende kokote. Vueni viatu, kila mmoja atafute nafasi yake ukutani, tuanze lile la vidole, ili kesho mgonjwa akisema haliwezekani muwe na la kumjibu.